Rangi ya Chungwa Mwezini

Desemba 1972, mwanajiolojia Harrison Schmitt alisimama kando ya kreta ya Shorty, mwezini. Pande zote kijivu kitupu. Kiatu chake kikakwaruza vumbi, akaona rangi ya chungwa, akapaza sauti. Muda ulikuwa mchache. Yeye na Eugene Cernan wakachimba haraka.

Kwa nini mtu ahatarishe uhai kwenda mahali pasipoota hata jani? Swali hili silipuuzi. Mwaka 1967 wanaanga watatu wa Apollo waliungua mazoezini, hata ardhi hawajaiacha. Na mwaka 1970, Luna 16 ya Wasovieti ilileta takriban gramu 100 za udongo wa mwezi bila kumpeleka mtu.

Lakini chombo kile kilichota pale kilipotua. Schmitt alitembea, akashangaa, kisha akachagua pa kuchimba. Udongo wake ulikuwa chembe za kioo zilizorushwa na volkano zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, na mwaka 2011 watafiti walitangaza kuwa ndani yake kumenaswa maji.

Kwangu, mvuto wa jangwa lile uko hapo: linaonekana tupu mpaka afike mwenye macho ya kushangaa. Ile ndiyo iliyokuwa safari ya mwisho ya Apollo.