Kasongo: Nani anamchagulia mtoto shule? Historia tangu 1906

Kila mwaka wa masomo ukianza, wazazi kutoka Kasongo mpaka Wamaza na Kabambare wanajiuliza: mtoto aende kwa Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu ao shule ya serikali? Zamani swali hilo halikuwepo.

Kabla ya jeshi la Wabelgiji kuteka Kasongo mwaka 1893, mji ulikuwa wa Tippu Tip na Wangwana. Mzazi alimpeleka mtoto chuoni, kwa mwalimu wa Kurani aliyemwamini.

Tarehe 26 Mei 1906, serikali ya mfalme Leopold II ilitia sahihi mapatano na Vatikano. Misheni ya Kikatoliki ingepewa hekta 100 mpaka 200 za udongo; nayo ingefungua shule pale inapowezekana. Programu ilipelekwa kwa Gavana Mkuu, na lugha za Wabelgiji zikawa za lazima. Wazazi hawakuulizwa.

Kwa Mwislamu wa Kasongo hilo lilikuwa jambo zito. Hakukatazwa kusomesha mtoto, lakini shule ilikuwa ya mapadri, na katekisimu ilikuwa ndani ya masomo. Wengi waliacha watoto chuoni. Si kweli kusema walichukia elimu: watoto wao walisoma na kuandika, ila kwa herufi za Kiarabu, na ofisi ya mkoloni haikuzihitaji. Kazi za karani zikaenda kwa waliopita misheni.

Ni mwaka 1954 tu waziri wa makoloni Auguste Buisseret alipoanza kufungulia Wakongomani shule za serikali zisizo za dini. Kanisa lilipinga sana. Shule hizo zilianza mijini, na uhuru ukafika mwaka 1960 vijiji vingi bado havijaziona.

Mobutu alizichukua shule zote mwaka 1974. Haikudumu: tarehe 26 Februari 1977 serikali ilipatana na makanisa wazisimamie tena. Waislamu nao wakapata shule zao ndani ya utaratibu huo.

Basi mzazi akapata kuchagua, lakini kwa mfuko wake. Tangu miaka ya 1990 serikali ilishindwa kulipa walimu, wazazi wakaanza kuwalipa primi. Mwenye watoto sita hakuchagua tena shule. Alichagua mtoto wa kubaki nyumbani. Mara nyingi alikuwa binti.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema wazazi wana haki ya kuchagua namna ya kuelimisha watoto wao. Hapo hapo inasema shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ya bure. Bure hiyo ilingojewa mpaka Septemba 2019. Shule za makanisa na za Waislamu zinazosimamiwa kwa mapatano zimo ndani yake. Za watu binafsi hazimo. Mtoto akifika sekondari, mzazi anarudia kulipa.