Porto ya miaka 20 haiongezi umri ndani ya chupa

Porto ni divai yenye sukari na nguvu inayotoka kaskazini mwa Ureno, katika bonde la mto Douro. Wafaransa na Wabelgiji ni kati ya wanunuzi wake wakubwa, kwa hiyo si ajabu ndugu anayerudi toka Bruxelles ao Paris kuileta katika valizi. Chupa kama hiyo mara nyingi haifunguliwi. Inafichwa kabatini ikingojea arusi, upadirisho, ao siku mtoto atamaliza masomo. Watu wanawaza: kadiri miaka inapita, divai inakuwa tamu zaidi na bei inapanda.

Kwa aina moja ya Porto, wazo hilo ni la kweli. Kwa ile inayoitwa tawny, yenye etiketi ya miaka 10, 20, 30 ao 40, si la kweli. Anayeichunga sana anaweza kuwatolea wageni kinywaji kilichopoa ladha, na anayeinunua kwa kufuata hesabu ya miaka ya kabatini anaweza kupoteza feza zake bure.

Tuanze na namna inavyotengenezwa, maana siri yote iko pale. Zabibu zinasagwa na maji yake yanaanza kuchacha. Mbele sukari haijaisha, wanatia ndani pombe kali ya zabibu yenye alkoli 77 kwa mia, karibu sehemu moja kwa sehemu nne za divai. Kuchacha kunasimama palepale. Sukari inabaki, na alkoli inafika karibu 20 kwa mia. Bia yetu ya kawaida iko na 5 hivi. Ndiyo maana kasiksi inageuka chungu nyuma ya siku chache, lakini Porto inavumilia miaka mingi: alkoli na sukari zinailinda.

Nyuma ya hapo njia zinaachana. Porto ya vintage, ya mwaka mmoja uliokuwa mzuri kabisa, inakaa katika mbao miaka 2 ao 3 tu, kisha inatiwa mu chupa ingali nyekundu sana na kali ulimini. Hiyo ndiyo inazeekea ndani ya chupa, hata miaka 20, 30 na zaidi. Tawny inafuata njia ingine. Inabaki katika mapipa ya mbao miaka na miaka, wengi wakitumia pipa la litre 550 hivi, katika magala ya Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto ukiwa katika muji wa Porto, ao kulekule bondeni. (Kwa kupita tu: maneno yetu “pipa” na “mvinyo” yalitoka kwa hao Wareno.)

Mbao inapumua. Hewa kidogo inaingia, na kila mwaka sehemu ya divai inapotea hewani. Rangi nyekundu inafifia, inakuwa kama tofali, kisha kama asali nzito. Harufu za matunda mabichi zinaondoka; zinakuja za karanga zilizokaangwa, sukari iliyoungua, ngozi ya chungwa, matunda makavu. Ile “20” ya kwenye etiketi inaonyesha kazi hiyo ya mbao. Hata hivyo haimaanishi kila tone lina miaka 20 kamili: mabingwa wanachanganya divai za umri mbalimbali, na taasisi ya serikali inayosimamia Porto, IVDP, inaionja kuhakikisha ina tabia ya umri ule.

Fikiri ndakala. Jua na upepo ndivyo vinavyoikausha. Ukiisha kuifunga mu mufuko, mufuko hauikaushi zaidi. Unaichunga tu, na kwa muda. Pipa la tawny ni jua lile, chupa ni mufuko. Siku ile inapofungwa katika chupa, kuzeeka kwake kwa faida kumekwisha. Porto ya miaka 20 iliyotiwa mu chupa mwaka 2004 bado ni Porto ya miaka 20. Muuzaji akikuambia leo imefika 40, anajumlisha vitu viwili visivyojumlishwa.

Je, inaharibika basi? Polepole, na si kwa namna moja. Miaka michache ya kwanza hakuna neno. Kisha harufu za karanga na chungwa zinaanza kulala, ladha inakuwa bapa, sukari inabaki peke yake mbele. Divai iliyozoea hewa ya pipa imefungiwa mahali karibu hakuna hewa, na ukiifungua inaweza kutoa harufu nzito ya kitu kilichofungwa. Usiimwage haraka, imimine katika jagi, uiache saa moja, mara nyingi inajirudia. Kuko pia wapenzi wa Porto wanaotafuta kwa makusudi tawny zilizokaa sana mu chupa, na wamewahi kukuta nzuri. Lakini hiyo ni bahati na uhifadhi mzuri, haifai kuwekea feza za arusi.

Kizibo pia kinasema jambo. Chupa nyingi za tawny zina kizibo kifupi chenye kofia, unachokitoa kwa mkono bila tirbushoni. Watengenezaji wameweka kile juu wanategemea utakunywa karibuni. Chupa hiyo isimame. Vintage ndiyo inalazwa, juu ya kizibo chake kirefu kisikauke. Na joto ni adui kubwa kuliko miaka: chupa iliyokaa Butembo ao Bukavu kwenye baridi inaweza kuwa salama, na ndugu yake iliyokaa Kindu, Kisangani ao Uvira chini ya manjanja ikawa imechoka zamani.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa ao kuialika kwenye meza ya wakubwa, geuza chupa usome etiketi ya nyuma. Tafuta neno la Kireno “engarrafado”, maana yake imetiwa mu chupa, na mwaka unaofuata. Mwaka huo ni wa maana kuliko maneno yote ya muuzaji. Kwenye tawny ya mwaka mmoja, inayoitwa colheita, sheria inadai miaka 7 ya mbao kwa uchache. Colheita ya 1985 iliyotiwa mu chupa 1995 imepata miaka 10 ya pipa. Ya 1985 hiyohiyo iliyotiwa 2005 imepata 20. Ni divai mbili, hata kama mwaka ulioandikwa mbele ni mmoja. Kisha angalia kama divai imeshuka sana shingoni ao kizibo kinanata; hapo imekuwa ikivuja. Uchafu kidogo chini si sumu, mimina polepole tu.

Ikifunguliwa, haina haja ya kuisha siku ile. Katika frigo, ikiwa imefungwa vizuri, inakaa majuma kadhaa bila shida. Itoe ikiwa na ubaridi kiasi, katika glasi ndogo.