Jina na Kiasi

Harambee ulikuwa wito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja kabla Jomo Kenyatta hajaufanya wito wa taifa mwaka 1963. Leo umo kwenye nembo ya Kenya. Kwa wito huo wanavijiji walijijengea zahanati, majosho na shule za sekondari zilizoitwa shule za harambee.

Nilisoma katika mojawapo, na mawe yake bado nayaheshimu. Lakini wengi walitoa kwa kuona hawana budi, na hilo nalo lisimuliwe. Siku ya kuchangisha, chini ya turubai, mweka hazina aliketi na daftari la safu mbili: jina na kiasi. Kila mchango ulitangazwa kwenye kipaza sauti. Aliyetoa noti alipigiwa makofi. Mwenye sarafu alisubiri zamu yake akiwa ameinamisha uso. Asiye na pesa alileta jogoo. Jogoo akanadiwa, mnunuzi akamrudisha anadiwe tena, na tena, hadi ndege mmoja akalipia mabati kadhaa. Ubunifu huo naupenda mpaka leo.

Ila kadi ya mchango ikiletwa na chifu, nani angekataa, naye kesho atahitaji barua ya chifu huyohuyo? Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 iliwakataza kutumia vyeo vyao kuchangisha. Kwangu mimi, ilichelewa mno. Siku hizi michango ya hospitali, karo na mazishi imehamia WhatsApp, na orodha ya waliotoa hubandikwa upya kila jioni.