Sarafu, Bahasha na Mipira 14: Historia ya Tumaini la Shabiki wa Kikapu Marekani

Katika ligi nyingi za soka, zikiwemo zile zinazofuatiliwa sana Afrika Mashariki, timu inayoburura mkia hushuka daraja, na shabiki wake huanza msimu mpya akiwa amekwisha kuzoea kuchekwa. Ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, haina daraja la kushukia. Ina drafti, yaani utaratibu wa kila mwaka ambao klabu huchagua kwa zamu chipukizi wa vyuo vikuu na wa ng'ambo, na walioshindwa zaidi hutangulizwa. Kwa hiyo tumaini alilonalo shabiki wa timu dhaifu kabla ya msimu kuanza si ukaidi wa moyo tu, kwani limetungiwa kanuni, na kanuni hizo zimebadilishwa kila ilipoonekana kwamba kuna aliyejifunza kuzichezea.

Drafti ya kwanza ilifanyika mwaka 1947, wakati ligi ikiitwa bado BAA, ili klabu zenye fedha zisiwakusanye wachezaji wote wazuri. Hata hivyo klabu za wakati huo ziliishi kwa viingilio vya mlangoni, na hadi mwaka 1965 kila moja iliruhusiwa kuacha zamu yake ya raundi ya kwanza ikamchukua mchezaji wa eneo lake, yaani ndani ya maili 50, takriban kilomita 80. Mwaka 1959 Philadelphia ilimpata hivyo Wilt Chamberlain, ambaye alikuwa amesoma chuo Kansas, mbali kabisa, lakini alizaliwa na kukulia mjini humo. Kwa macho ya leo huo ni upendeleo, ingawa ulimpa shabiki kitu ambacho drafti ya sasa haimpi: kijana wa mtaani kwake.

Kuanzia mwaka 1966 timu mbili za mkiani, moja kutoka kila kanda, zilirushiwa sarafu. Msimu wa 1968–69 timu hizo zilikuwa Phoenix na Milwaukee, zote mpya, na aliyegombewa alikuwa Lew Alcindor, baadaye Kareem Abdul-Jabbar. Phoenix ilipewa haki ya kutaja upande, ikawauliza mashabiki wake kupitia gazeti. Wao wakachagua kichwa. Kamishna Walter Kennedy aliirusha sarafu ya nusu dola New York huku viongozi wa klabu zote mbili wakisikiliza kwenye simu, nayo ikaangukia upande wa pili. Inasimuliwa kwamba mwenye klabu ya Milwaukee alimkumbatia meneja wake kwa furaha hadi sigara yake ikamchoma sikio. Milwaukee ilitwaa ubingwa mwaka 1971. Phoenix ilipofika fainali ya mwaka 2021 bila kuwa na kombe hata moja, iliyoifunga ilikuwa Milwaukee ileile.

Sarafu haikuzuia timu kuachia mechi. Houston ilipata zamu ya kwanza mwaka 1983 na tena mwaka 1984, na katika mojawapo ya mechi za mwisho za msimu wa 1983–84 ilimchezesha Elvin Hayes, mzee wa miaka 38, dakika 53, jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa nia njema. Mwaka 1985 ikaanzishwa bahati nasibu, na timu saba zikatiwa ndani ya bahasha katika pipa la plastiki angavu. New York iliposhinda na kumchukua Patrick Ewing, wapo walioapa kwamba bahasha yake iligandishwa barafu ili itambulike kwa mkono. Baadaye bahasha ziliachia nafasi mashine yenye mipira 14, ambamo minne hutolewa, na michanganyiko yake 1,001, ukiondoa mmoja, hugawiwa timu kwa kadiri ya udhaifu wao.

Zamu nzuri, hata hivyo, si mchezaji mzuri. Mwaka 2009 Memphis, ikiwa na zamu ya pili, ilimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, akiwa na urefu wa mita 2.21; aliyechaguliwa wa saba mwaka huohuo alikuwa Stephen Curry. Kabla ya misimu miwili kwisha Thabeet alikuwa amepelekwa Houston, na lawama aliyobebeshwa, ingawa hakujichagua mwenyewe, haikuwa ya haki.

Philadelphia ndiyo iliyoifikisha hesabu hii mwisho wake, kwani ilijidhoofisha kwa misimu mitatu hadi ikashinda mechi 10 tu kati ya 82 msimu wa 2015–16, huku sehemu ya mashabiki ikishangilia kwa wito wa kuuamini mchakato. Ligi ikajibu: mwaka 2019 timu tatu dhaifu zaidi zilianza kupata kila moja nafasi ya asilimia 14 ya kushinda zamu ya kwanza, badala ya 25 za aliyekuwa wa mwisho. Matokeo yake yalionekana mwaka 2025 Dallas, ambako Februari klabu ilimtoa Luka Dončić kwa Lakers, na ukumbini mashabiki wakapaza sauti wakitaka meneja mkuu afukuzwe. Mei, wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8, mipira minne iliwapa zamu ya kwanza, na kabla ya Juni kwisha walikuwa na Cooper Flagg, kijana wa miaka 18, na msimu mwingine wa kuusubiri.