Gari linapogoma kuwaka, stata ndiyo shahidi wa kwanza

MAGARI mengi yanayotembea katika barabara za Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japan kwa miaka kadhaa. Gari la aina hiyo linapogoma kuwaka alfajiri, iwe Tegeta au Mbagala, mwenye gari huwa na haraka ya kuwahi kazini, na haraka hiyo ndiyo inayomponza. Fundi wa jirani hubadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta. Kila kipuri kinacholetwa kutoka Kariakoo hulipiwa na mteja, hata kama kilichofunguliwa kilikuwa kizima.

Uchunguzi wa kwanza hauna gharama yoyote: ni kusikiliza gari linavyoitikia ufunguo unapozungushwa. Gari linalokaa kimya au kugonga-gonga tu lina tatizo la umeme wa kuwashia. Lile ambalo stata yake inazunguka kwa nguvu bila injini kushika lina tatizo jingine kabisa, na betri mpya haitalisaidia.

Mlio wa kugonga kwa mfululizo, huku taa za dashibodi zikififia, ni dalili ya betri kuishiwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6 asubuhi kabla gari halijaguswa. Ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu ya chaji, na kipimo kikiporomoka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, kwa kawaida betri imechoka. Joto la Pwani huzeesha betri upesi, na foleni huongeza adha: kipoza hewa na taa hula umeme wakati alteneta inazunguka polepole.

Hata hivyo, betri isihukumiwe kabla vichwa vyake havijasafishwa. Kutu nyeupe au ya kijani inayoota hapo, pamoja na waya wa hasi uliolegea kwenye bodi, huzuia umeme sawasawa na betri mbovu. Gari likishawaka, kipimo kati ya volti 13.8 na 14.5 huonyesha kuwa alteneta inachaji. Kikibaki chini ya 13, betri mpya itaishiwa vilevile baada ya siku chache.

Ukimya kamili huku taa zikiwaka vizuri ni habari nyingine. Kwa gari la gia za automatiki, mkono wa gia upelekwe N na ufunguo ujaribiwe tena, kwa kuwa swichi ya gia iliyochakaa huzuia stata. Ni aibu kwa fundi kufungua stata nzima kwa sababu ya mkono ambao haukufika vizuri kwenye P. Gari la namna hiyo pia haliwashwi kwa kusukumwa, hata vijana wa mtaa wakijitolea vipi.

Kazi ngumu huanza pale stata inapozunguka vizuri. Injini ya petroli huhitaji mafuta, cheche na mgandamizo, vyote kwa wakati wake. Plagi ikifunguliwa ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na cheche ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa kavu, uchunguzi uhamie kwenye mafuta. Wapo mafundi wanaoihukumu pampu kwa kuwa haisikiki ufunguo unapofunguliwa, lakini katika Toyota nyingi za zamani pampu haianzi mpaka stata izunguke. Geji ya mafuta nayo hudanganya, na wanaotembea na lita chache kila siku huiumiza pampu, ambayo hupozwa na petroli iliyomo ndani ya tangi.

Ufunguo wenyewe waweza kuwa chanzo. Magari yenye kinga ya wizi hutambua chipu iliyomo ndani yake, na ufunguo uliochongwa mtaani bila chipu huzungusha stata pasipo injini kushika. Stata ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, yawezekana mkanda wa taimingi umekatika. Mtu asiendelee kujaribu. Gari linalozimika likiwa na moto na kukubali baada ya nusu saa mara nyingi lina sensa ya kranki inayokufa. Mashine ya kusomea hitilafu husaidia hapo, ingawa namba inayotoa huonyesha mfumo wenye tatizo, si kipuri cha kwenda kununua.

Kwa anayenunua gari, boneti iguswe kwanza. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaliwasha, na uwakaji wa baridi, ambao ndio hufichua mengi, hautaonekana siku hiyo.

Msimu wa mvua una kanuni yake. Gari lililozimika ndani ya maji, kama yanayojaa bonde la Msimbazi, lisipigwe stata hata mara moja. Maji hayagandamiziki, na yakiwa ndani ya silinda hupinda konrodi. Gari livutwe hadi gereji, plagi zote zifunguliwe na injini izungushwe maji yatoke, kisha oili ikaguliwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe yote.