Urithi wa Lamu: Mawe na Watu

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu hapo, utajapo urithi wa Lamu, wengi hufikiri nyumba za matumbawe, zidaka na milango ya nakshi. Hata hivyo, historia ya mji huo yaonyesha kwamba riziki na umoja wake vimetegemea zaidi desturi zilizowakutanisha watu wa asili mbalimbali.

Lamu ya karne ya 19 ilikuwa mji wa matabaka. Waungwana walikaa Mkomani katika nyumba za mawe, ilhali Wahadhrami, Wangazija, Wabajuni na watu waliotoka utumwani walikaa zaidi Langoni, katika nyumba za udongo na makuti. Mwishoni mwa karne hiyo Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija, alianza kuwafundisha dini hata wale waliodharauliwa, na akaruhusu matari katika usomaji wa Maulidi. Baadhi ya wakubwa wa mji walimpinga. Kwao elimu ilikuwa alama ya cheo. Lakini Msikiti wa Riyadha aliouasisi uligeuka kitovu cha elimu, na Maulidi yake huwaleta wageni kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wenye majahazi, wapishi, mafundi na wachuuzi hupata chumo, wala hawaulizwi kabila.

Majengo, kwa upande wao, yana matokeo mawili. Utalii umewapa kazi wachongaji na waashi wa chokaa. Lakini pia umepandisha bei za nyumba, na baadhi yake zimenunuliwa na wageni kutoka ng'ambo. Ukuta waweza kuhifadhiwa hali aliyeurithi amehama.

Suala hili lilifika mahakamani kutokana na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mradi huo ulikiuka haki za wenyeji, zikiwemo za utamaduni, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Hivyo uvuvi wa jadi ulitambuliwa kisheria kuwa sehemu ya utamaduni, si kazi ya mkono tu.

Kwa hiyo kipimo cha uhifadhi Lamu hakiwezi kuwa idadi ya milango iliyokarabatiwa peke yake. Ni lazima iulizwe pia ni nani bado aishiye nyuma ya milango hiyo, na anakula nini.