Neno Lililouvuka Mpaka Wake

Msafiri ashukaye Kampala kwa mara ya kwanza, awe ametoka Mombasa kwa basi la usiku au Entebbe kwa njia ya uwanja wa ndege, hapigi hatua nyingi nje ya kituo kabla ya kuitwa na kijana aliyeegemea pikipiki yake, "Ssebo, tugende!", yaani bwana, twende, na ikiwa msafiri huyo ni mtu wa kudadisi maneno, akauliza chombo kile kinaitwaje, ataambiwa kwa neno moja tu: boda. Akizidi kuuliza maana yake atachekwa, kwa kuwa boda kwa watu wa mji huu ni boda, kama vile maji yalivyo maji, na hakuna aulizaye maji yalipataje jina lake. Walakini neno hili lina nasaba ndefu, iliyopitia mbavu za merikebu za Ulaya ya kale, pindo la ngao za makabaila wa Ufaransa, wino wa maafisa wa Kiingereza, na vumbi la mji mmoja mdogo wa mashariki, kabla ya kuingia Kampala na kukaa kama mwenyeji.

Asili yake ya mbali ni ubao. Kwa Wafaranki wa kale, bord lilikuwa jina la ubao, na hususan mbao zile zifanyazo ubavu wa chombo. Na kwa kuwa ubavuni ndipo chombo kinapokoma na bahari inapoanza, Wafaransa waliolirithi neno hilo walilifanya kuwa jina la ukingo wa kitu chochote, wakatoa humo bordure, yaani pindo la nguo au utepe uzungukao ngao. Waingereza walilipokea kwa Wafaransa yapata karne ya 14, wakalitamka kwa ulimi wao border, na baada ya muda wakalihamisha kutoka nguoni na ngaoni wakalitia katika ardhi, hasa ardhi ile iliyo baina yao na Scotland, ambako kwa zaidi ya miaka mia mbili koo za pande zote mbili zilikuwa zikivuka usiku, zikiteka mifugo ya jirani na kurudi kabla ya alfajiri. Basi tangu hapo neno lilibeba maana mbili zisizopatana: mahali ambapo amri ya mtawala hukoma, na mahali ambapo watu, kwa sababu iyo hiyo, hawaachi kupita.

Lugha zetu hazikuwa na haja ya kuliazima. Waganda wanalo ensalo, neno litokanalo na okusala, kukata, kwa kuwa mpaka kwao ni mkato uliopigwa katika nchi. Na Waswahili wanalo mpaka, ambalo ni neno la ajabu kwa yeye alitazamaye vizuri, kwani humzuia mtu tusemapo huu ndio mpaka wa shamba langu, na humpeleka mtu tusemapo nitakwenda mpaka Jinja, neno moja likifunga njia na kuifungua. Maadamu maneno haya mawili yalikuwapo, na yote mazuri, yatupasa kuuliza kwa nini la mgeni ndilo lililotawala barabara za Kampala. Na jawabu limo katika historia ya mpaka wenyewe, kwani huo nao uliletwa na mgeni.

Mwaka 1901 ulipokaribia kwisha, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mahali Waingereza walipopaita Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Nayo iliitwa Reli ya Uganda, na kwa hakika mwisho wake ulikuwa ndani ya Uganda, maana zama hizo nchi iliyowekwa chini ya himaya ya Kiingereza kwa jina hilo ilienea mashariki mpaka upande wa Naivasha. Miezi michache baadaye, Aprili 1902, serikali ya London iliukata mkoa wote wa mashariki wa Uganda ikautia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya, reli yote ikawa chini ya utawala mmoja, na Reli ya Uganda ikajikuta haikanyagi ardhi ya Uganda hata hatua moja. Mstari mpya ulipita katikati ya Wasamia na Waiteso, ukawaacha ndugu wa ukoo mmoja huyu akihesabiwa wa upande huu na huyu wa upande ule, na juu ya mstari huo ukaota mji wa Busia, jina moja katika nchi mbili. Lau si kalamu ile ya 1902, Busia ingekuwa mji wa ndani ya nchi kama miji mingine, na neno tulizungumzialo lisingezaliwa.

Hata ukoloni ulipokwisha, Uganda ikipata uhuru wake tarehe 9 Oktoba 1962 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963, mstari uliogawa nchi mbili za mtawala mmoja uligeuka kuwa mpaka wa madola mawili, kila dola na bendera yake, forodha yake na mihuri yake. Pale Busia, baina ya lango la dola hii na lango la dola ile, palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili, na abiria aliyeshushwa na basi upande mmoja alilazimika kuutembea, jua la utosini, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, kwa sababu gari lililotaka kuvuka lilidaiwa karatasi nyingi ambazo mtu na baisikeli yake hawakudaiwa. Wakatokea vijana wenye jicho la biashara, wakafunga mto juu ya keria ya baisikeli, wakasimama langoni wakiinadi safari yao kwa Kiingereza cha forodhani: border to border, yaani kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Hayo yalianza katika miaka ya 1960, na kutoka Busia ada hiyo haikukawia kupanda kaskazini mpaka Malaba, ambako nako palikuwa na malango mawili na wasafiri waliochoka.

Hapo ndipo neno lilipobadili uraia. Kiungo kile kidogo cha Kiingereza kilichokaa katikati kilimezwa na sauti ya mnadi, na yaliyosalia, boda-boda, yakaangukia katika sheria kongwe ya lugha za Kibantu, ile ipendayo kulirudia neno ili kuonyesha jambo litendwalo tena na tena, kama tusemavyo polepole, mbiombio na hukuhuku, na kama pikipiki yenyewe ilivyopewa jina lake kwa kurudiwa mlio wake. Kwa sikio la Mwingereza yalikuwa maneno mawili yaliyokosa kiungo. Kwa sikio la Msamia na la Mswahili lilikuwa neno moja kamili, lenye mwendo wa pedali ndani yake, mguu huu ukishuka na huu ukipanda. Wala halikuwa tena jina la mahali. Lilikuwa kwanza wito, kisha likawa jina la safari, kisha la baisikeli, na mwisho likawa jina la kijana aliyeiendesha.

Miaka ya 1970 ilikuja na mambo yaliyolipa neno hili nguvu mpya na sifa isiyo njema. Idi Amin alitwaa serikali Januari 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waasia kwa muhula wa siku tisini. Maduka yakafungwa au yakapewa watu wasiojua biashara, na sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya kutafutwa kwa tochi. Kisha, baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote, ilhali mkulima wa Uganda alilipwa na serikali yake fedha isiyonunua kitu. Basi kahawa ikatafuta njia ya kwenda Kenya, na bidhaa za Kenya zikatafuta njia ya kuja Uganda, na biashara hiyo Waganda wakaiita kwa neno la Kiswahili, magendo. Baisikeli, ambayo haina mlio na hupita penye kichochoro, ilikuwa chombo cha haki kwa kazi isiyo ya haki. Mwenye boda akawa mtu ajuaye njia, na kujua njia katika nyakati kama zile kulikuwa ni elimu, ni mtaji, na mara nyingine ni hukumu ya kifo.

Neno liliondoka mpakani likiwa juu ya magurudumu mawili, likashuka magharibi kupitia Tororo, Mbale, Iganga na Jinja, miji ambayo mingi yake imetandazwa vizuri kwa mwendo wa pedali. Lakini lilipofika Kampala lilikutana na vilima. Huu ni mji wa kupanda na kushuka, Namirembe na Rubaga, Nakasero na Kololo, Mulago na Makerere, na kijana mwenye kifua cha chuma hawezi kumpandisha abiria mnene kutoka bonde la Nakivubo mpaka kileleni Kololo kwa nguvu za miguu, akabaki na pumzi ya kudai nauli. Ndiyo maana Kampala, tangu miaka ya 1990, injini ilichukua mahali pa pedali, kwanza katika vipikipiki vidogo, na baadaye katika zile Bajaj Boxer za kutoka India ambazo leo zimejaa kila njia panda. Baisikeli ikaenda, mpaka ukabaki maili mia moja na zaidi nyuma, na jina likakataa kushuka.

Katika mji mkuu neno lilipata sarufi yake. Kiganda humwita mwendeshaji owa boda, yule wa boda, na kundi lao aba boda boda. Kiswahili huamua kwa upatanisho, kwani bodaboda amekasirika ni mtu, na bodaboda imeharibika ni chombo. Na magazeti ya Kiingereza yachapwayo hapa mjini yameliandika boda kama neno lao, bila kujali kwamba ni mtoto wao aliyerudi nyumbani na ndevu. Wala si neno hili peke yake lililofanywa upya namna hiyo. Takisi ya Kampala si gari la abiria mmoja lenye mashine ya kuhesabu nauli, ijapokuwa mashine hiyo ndiyo iliyolipa neno taxi kwa Kiingereza. Bali ni kile kigari cha abiria kumi na wanne ambacho jirani zetu wa Kenya hukiita matatu. Eggaali, jina la Kiganda la baisikeli, ni gari la Kiswahili, nalo gari ni la Kihindi. Mji huu hauulizi neno limetoka wapi. Huuliza lafika wapi.

Maana zikazidi kuongezeka, nyingine za sifa, nyingine za lawama. Boda ni rizki ya kijana aliyekosa ajira na ni chombo cha kumwahisha mgonjwa; boda ni mtu atumwaye kupeleka barua, ufunguo uliosahauliwa au sahani ya luwombo; na boda, kwa wauguzi wa wodi ya majeruhi pale Mulago, ni sababu iandikwayo mara nyingi mno katika daftari lao. Wanasiasa wameona kwamba anayezungumza na steji ya boda amezungumza na mtaa mzima, kwa sababu hapana habari isiyopita hapo. Mwaka 2012 kampuni ya Tugende, iliyojipa jina la wito ule ule wa barabarani, ilianza kuwakopesha waendeshaji pikipiki mpaka ziwe mali yao, na miaka miwili baadaye ikatokea SafeBoda, iliyowavika watu wake helmeti za rangi ya machungwa, na kulibandika neno la Busia ubavuni mwa neno la Kiingereza lenye maana ya salama, kana kwamba boda peke yake halikutosha kumtuliza abiria.

Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, serikali ya Uganda iliifunga mipaka ya nchi kwa abiria, na katika siku zizo hizo ikaziamuru boda zibebe mizigo tu wala si watu. Kwa muda wa miezi minne, mpaka na mtoto wake walizuiwa kwa pamoja, mpaka boda ziliporuhusiwa tena kubeba abiria mwezi Julai. Lakini neno lenyewe lilikuwa limekwisha kwenda mbali kuliko amri. Nchini Kenya lilikuwa limehama kutoka baisikeli za Kisumu kwenda pikipiki za kila kaunti. Nchini Tanzania lilishuka mpaka Dar es Salaam na kuvuka bahari kwenda Unguja, kwa watu ambao wengi wao hawajaiona Busia wala hawajui kwamba wanapoita bodaboda wanautaja mpaka wa nchi nyingine.

Na Busia yenyewe imebadilika. Mwezi Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walikizindua pale kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri akamaliza shughuli zake mara moja katika upande aingiao. Ile safari ya lango mpaka lango, ambayo kwayo kijana alifunga mto juu ya keria, imepoteza kazi yake mahali pale pale ilipozaliwa.

Huku Kampala, jua likiwa limeelekea Rubaga, mfanyabiashara aliyetoka Bukavu ataipanda boda pale Wandegeya na kumwambia mwenye nayo kwa Kiswahili, "Twende mpaka Ntinda." Neno la Mwingereza na neno la Mswahili, yote mawili yakiwa na maana ya mahali pa kusimama, yatakaa katika safari moja, na kijana, ambaye hana habari nayo, ataipiga pikipiki yake moto na kwenda.